Difu Lisilohesabiwa Meno

Pikapu yangu ilikufa karibu na Isikizya, asubuhi, nikiwa njiani kwenda kumchukua mama. Kwanza ililia. Ni mlio niliokuwa nimeusikia kwa siku kadhaa, mwembamba, unapanda nikikanyaga mafuta na kushuka nikiachia, na dawa yangu ilikuwa kuongeza sauti ya redio. Kisha kitu kikapasuka chini ya bodi. Injini iliendelea kunguruma kama kawaida, lakini gari likapunguza mwendo lenyewe na kusimama. Nilikanyaga tena. Injini ikapiga kelele, magurudumu yakatulia tuli.

Nilishuka nikalipiga teke tairi. Mtu mzima, nywele zimeanza mvi, nimevaa kitenge changu kizuri cha safari, napigana na tairi kando ya barabara kuu. Vijana wa bodaboda walikuwa wakinitazama, nami nikawauliza wanatazama nini. Wakasema, "Shikamoo mama." Sikuitikia, na mpaka leo najuta kidogo, kwa maana hawakuwa na kosa.

Mama anaishi ndani zaidi ya Ziba, ng'ambo ya mbuga, peke yake tangu baba afariki. Mvua zikikolea, udongo mweusi wa mbuga ile unanasa hata ng'ombe, na kijiji kinabaki kivyake mpaka ardhi ikauke. Msimu uliopita aliugua homa katikati ya mvua. Majirani walimpakia kwenye mkokoteni, wakakwama, wakamrudisha nyumbani, akapona kwa rehema za Mungu tu. Mimi nilikuwa Tabora mjini, nimeshika simu inayokatika kila baada ya neno la tatu. Tangu hapo nikawa nambembeleza aje akae kwangu wakati wa mvua, naye anakataa. Leo ni kuku, kesho ni kwaya ya kanisani, keshokutwa ni kaburi la baba litaota majani. Halafu mwaka huu, siku nisiyoitegemea, akakubali.

"Njoo unichukue kabla mvua hazijaanza," alisema. "Ila uje wewe na gari lako. Sitaki kuharakishwa na dereva wa watu."

Namjua mama. Akisema ndiyo, unatakiwa uwe umeshafika. Na mimi ndiyo kwanza nimekwama Isikizya na wingu limeanza kujikusanya upande wa Nzega.

Lori la mbao lilinivuta kwa kamba mpaka gereji ninayoitumia, pale Kanyenye, Tabora mjini. Kazi yangu ni kukodisha viti na maturubai ya sherehe, kwa hiyo gari hilo linabeba mizigo kila wiki na fundi wangu analijua kuliko nilijuavyo mimi. Shida haikuwa ujuzi wake. Shida ni kwamba yeye ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, na makabila yetu ni watani. Watu husema utani huo ulianza zamani za misafara, babu zetu walipobeba mizigo kwa miguu mpaka pwani wakakutana na babu zake. Mimi sikuwepo. Ninachojua ni kwamba mtani anaruhusiwa kukutukana, kukudai mkeo, kukucheka msibani, na wewe ukinuna umekosa adabu.

"Mtani kaja anavutwa kama mbuzi wa mnada!" alipiga kelele kabla sijashuka. Gereji nzima ikacheka.

Alijipenyeza uvunguni, akafungua, akatoka na kiganja kilichojaa oili nyeusi na vipande vya chuma. Difu la nyuma lilikuwa limekwisha. Hilo ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli, linalopokea nguvu ya injini na kuigawia matairi. Ndani yake kuna gia mbili, kubwa na ndogo, na meno ya ile ndogo yalikuwa yamesagika. Jipya la gari la umri ule halipatikani. Ilibidi tutafute la mtumba.

"Mtani," nilimwambia, "safari hii sina mchezo. Mama yangu ananisubiri."

"Mke wangu huyo," akajibu. "Ananisubiri mimi."

Kwa muuza spea chakavu tulikuta madifu mawili yanayoingia kwenye gari langu. Moja lilikuwa na kutu na tope lililokauka, limelala chini ya rundo kama limesahaulika. Jingine lilikuwa safi, limepakwa rangi nyeusi inayong'aa, ukilizungusha kwa mkono halitoi hata mlio. Fundi alilipenda lile safi papo hapo. Mimi katika mambo ya magari najua machache, lakini moja nalijua, kwa sababu nilimiliki gari la namna hii kabla ya hili. Pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne ina madifu mawili, la mbele na la nyuma, na gia zao lazima zilingane idadi ya meno. Zisipolingana, kwenye lami hutajua. Siku utakapoingiza gia ya kuvuta manne, matairi ya mbele yatataka mwendo wake na ya nyuma mwendo wake, na gari litajipasua lenyewe. Na mimi mbuga ile siivuki bila manne.

Kwa hiyo nikauliza, mbele ya watu, "Umehesabu meno?"

"Nimehesabu," akasema. "Yamezidi ya mama yako."

Muuza spea alicheka mpaka akashika kiuno. Mafundi wengine wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka, maana mama kweli amebakiwa na machache na mwenyewe hulitania jambo hilo. Kicheko kikaisha, difu likapakiwa kwenye mkokoteni, na hakuna mtu aliyehesabu chochote. Ndivyo ulivyo utani wetu. Ukishacheka umeshajibiwa, na kuuliza tena ni kuonyesha kwamba hujui mchezo.

Walilifunga. Jeki, magogo chini ya ekseli, nati zilizogoma, spana iliyoazimwa kwa jirani na kudaiwa kabla haijatumika. Mama alipiga simu kutoka kwa jirani anakochaji. Alisema amefunga mizigo, kuku amewagawa, ila jogoo mmoja anakuja naye. Nikamwambia kesho. Siku iliyofuata nikamwambia kesho tena, kwa sababu oili iliyoletwa haikuwa ya difu. Akasema, "Haya mwanangu." Nilikwenda gereji nikiwa nimevimba.

Gari lilipokamilika nililizungusha mjini, likaenda vizuri, kimya kabisa. Fundi alikaa pembeni yangu anajisifu. Sikumwamini. Nilitoka lami, nikaingia njia ya mchanga nje ya mji, nikaingiza manne. Gari lilitembea hatua chache, likaanza kukaza, usukani ukawa mzito, chini kukatoka mlio wa chuma kinachosaga chuma. Nikasimama. Tukatazamana.

"Hukuhesabu," nikasema.

"Mtani..."

"Hukuhesabu!"

Nilirudi nalo gereji kwa kuvuta mawili, na nilipofika nikamwaga yote niliyokuwa nayo moyoni. Nilimwita mvivu, mwongo, mla ubwabwa wa misiba ya watu. Nilimwambia hajui gari, anajua mdomo tu. Watu walitoka vibandani kusikiliza, na kadiri nilivyozidi kufoka ndivyo walivyozidi kufurahi. Walidhani natania. Huo ndio utani bora wanaoukumbuka Kanyenye mwaka huu.

"Jamani, nimekasirika kweli!" nikapiga kelele.

"Mnyamwezi akikasirika kweli," fundi akawaambia watazamaji, "mpe mzigo abebe, zitamshuka."

Walicheka, wakapiga makofi. Sijawahi kujisikia mpweke vile katikati ya watu. Ningekuwa Mhaya au Mchaga ningepigana naye tukaitiwa mjumbe, mambo yakaisha kiutu uzima. Mimi hasira yangu haikuwa na pa kutua. Kila neno nililolitoa lilipokelewa kwa furaha.

Ndipo matone yakaanza kulia kwenye bati la gereji. Machache kwanza, halafu mengi, na ile harufu ya vumbi lililolowa ikapanda. Watu wakakimbilia vibandani mwao, wanashukuru, wanasema mvua imekuja mapema. Mimi nilibaki nimesimama pembeni ya pikapu nikitazama upande wa Nzega, machozi yananitoka wala sikuyafuta.

Fundi aliniona. "Dada," alisema, na tangu tufahamiane hakuwahi kuniita hivyo, "kumbe ulikuwa husemi mchezo?"

"Nimekwambia tangu siku ya kwanza."

"Umeniambia," akasema. "Lakini ni wewe umeniambia."

Nilielewa maana yake, kwamba neno la mtani hupokelewa kama mchezo, na kuelewa kwenyewe kukaniongezea hasira. Lile difu lenye kutu lilikuwa limeshauzwa. Akaenda Nzega mwenyewe na mvua ikimnyeshea, akarudi na jingine. Safari hii alilifungua mezani, akahesabu meno kwa sauti, akamwita fundi mwenzake akahesabu, kisha akanipa chaki nikahesabu na mimi, nikiweka alama jino moja moja. Yalilingana na ya mbele. Hakuna aliyecheka. Kazi yote ilifanyika kimya, na kila jioni mvua ilinyesha. Simu ya mama ikawa haipatikani.

Fundi aliomba kuja nami, nikamruhusu kwa sababu nilihitaji mtu wa kusukuma. Mbuga ilikuwa imeanza kulowa lakini haijafunga. Niliingiza manne, na lazima niseme ukweli, gari lilikwenda. Matairi yalishika, yakaachia, yakashika, tope likaruka mpaka kwenye kioo, na chini hapakuwa na mlio hata kidogo. Kwa muda ule nilisahau ugomvi wote. Tulitokea ng'ambo, nikampigia honi mama tangu mbali.

Hakutoka. Mlangoni palikuwa na mizigo yake, mabunda mawili na godoro, vimerudishwa ndani ya kizingiti na kufunguliwa. Jogoo alikuwa amefunguliwa miguu. Mama tulimkuta nyuma ya nyumba, shambani, kainama na jembe la mpini mfupi. Mbele yake ardhi ilikuwa nyeusi na mistari imenyooka, na nyuma yake mbegu zimefunikwa udongo vizuri.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba mwanangu. Mmepita salama?" Akamtazama fundi, naye akamwamkia kwa adabu, macho chini.

"Mama, nimekuja kukuchukua."

Alinyoosha mgongo taratibu. "Nilikusubiri," alisema. "Nilikaa juu ya mizigo pale mlangoni, kila siku nimevaa viatu. Mvua ilipokuja nikaona nisipoteze mbegu. Nimeshapanda sasa. Naondokaje, mahindi yangu nimwachie nani?"

Nilimwambia mahindi yaliwe na nyani, yaoze, nitamnunulia magunia. Nikamkumbusha homa ya mwaka jana. Nikafoka, kisha nikamwomba, kisha nikafoka tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza nilipokuwa mdogo nikilia kitu ambacho hakuwa na uwezo wa kunipa. Halafu akatazama mawingu.

"Nendeni," akasema. "Mkikaa hapa mbuga itafunga, mtalala njiani."

Alitufungia karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, akatusindikiza mpaka garini akiwa na jembe mkononi. Fundi alifungua mlango wa mbele. Nikamwambia akakae nyuma, kwenye bodi. Alipanda akajishikilia, mvua ikamkuta huko huko katikati ya mbuga, na mimi niliendesha na kile kiti kitupu cha mama pembeni yangu mpaka Ziba.