Mbao ya Violon Niliyopikia Bukari

Juzi nilipita ku avenue yetu ya zamani, karibu na reli. Pale fundi wa violon alikuwa anakaa, leo banachajia batelefone. Nilisimama mpaka kijana mwenye kuchaji akaniita kama nyanya yake, "Nkambo, unatafuta nini?" Nikamujibu, "Hakuna." Nilimudanganya.

Minyi, ni kusema mimi, ni mwanamuke wa kujisifu, nasema wazi. Masomo yangu ilikomea ku primaire, lakini nimelea batoto saba na hata mumoja hakulala njaa. Hii ninayoandika njo kintu moja inayoniinamisha kichwa.

Fundi alikuwa muzee, bibi yake alishakufa. Mushahara alipata kwa kazi ya seremala ku reli, lakini moyo wake ulikuwa ku violon. Misionere mumoja njo alimufundisha. Mugongo ya violon alifanya na mulombwa, mbao yetu nyekundu. Tumbo, mbao ya mbele, alikwangua na kipande cha chupa mpaka inakuwa nyembamba, anaigonga na kidole, anaweka sikio. Gundi alichemsha na ngozi ya ngombe. Harufu yake iliharibu sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya avenue nzima. Nyuzi alitoa ndani ya kamba ya freni ya velo, breki ya baiskeli. Siku ya mungu, violon zake tatu ziliimba kanisani, na sisi batoto tulinyamaza bila kupigwa.

"Mbao ukiiharakisha, italia kama mbuzi," alikuwa anasema. Njo maana mbao ya tumbo ilikaa miaka na miaka ku kitara, uchaga wa juu ya moto, mu jiko yake, inakauka na moshi. Jirani yake, mama mumoja wa Kasai, mugeni wa jimbo ingine, njo alikuwa anaingia mule kumupikia, kwa huruma tu.

Siku moja ya mvua mama yangu alikuwa ku shamba, aliniacha nipike. Makala, makaa ya kupikia, ilikwisha, kuni zote zilikuwa maji. Nikaingia mu jiko ya fundi, hakukuwa mutu. Ku kitara niliona mapande mbili ya mbao, nyeusi na moshi, nyepesi kama mukate mukavu. Nikasema hizi ni kuni za muzee. Nikazipasua na shoka. Ziliwaka vizuri, bila moshi hata kidogo. Bukari, ugali yetu, ikaiva mbio, na mama alivyorudi akanisifu: "Leo umepika kama mutu mukubwa." Nilikula nikashiba.

Mangaribi tukasikia fundi anauliza watu ku avenue. Hakupiga kelele. Alisema tu mbao ile aliipata akiwa kijana, aliichunga kwa ajili ya violon ya mwisho, ya kuacha kanisani. Mama yangu alisimama karibu yangu. Niliogopa fimbo. Nikasema, "Niliona mama wa Kasai anatoka nayo."

Yule mama akashika kiuno. "Minyi? Niko na makala gunia nzima kwangu. Mbao yako ningeipeleka wapi, baba?"

"Mutoto hawezi kusema bule," jirani mwingine akajibu.

"Ba Kasai njo vile biko," mwingine akaongeza, na watu bakacheka.

Kesho yake mama yule alimuletea chakula. Fundi alikirudisha na sahani imefunikwa. Tangu siku ile alikula mukate na chai, peke yake. Violon ile haikufanyika. Alipokufa, hakuna aliyeshika kazi yake, na violon zile tatu za kanisani ziliharibika moja moja. Leo kanisani banapiga muziki na mashini ya umeme, na bajukuu zangu banasema ni muzuri sana.

Kisha miaka mingi, ba Kasai bote bakafukuzwa mu jimbo yetu. Nilikuwa tayari na batoto. Nilienda ku gare ya treni kuuza mukate, nikamukuta yule mama amekaa juu ya mizigo na wakwe zake, amezeeka. Aliniita, "Mwanangu." Kinu yake balikataa kuipakia mu treni. Akanisukumia: "Chukua weye, tulikuwa majirani."

Maneno ya kuungama ilikuwa mu kinywa. Wakwe zake balikuwa pale, na batu ba kwetu balikuwa pale banawatukana, na minyi nikaogopa tena, mutu mukubwa mwenye batoto. Nikasema, "Aksanti, mama." Nikabeba kinu ku kichwa, nikarudi nyumbani kabla treni haijaondoka.