Mlango wa Banda la Mbao

Nilisema. Nilimwambia mpasua mbao wangu kwamba siku mlango wa banda utakaponunuliwa, siku hiyo yeye ni huru. Nilimwambia kwa kinywa changu, mchana, mbele ya shemeji yangu na mbele ya mlango wenyewe. Kwa miaka mingi nimekana. Kwanza nilikana mbele ya mwalimu wa msikiti, kisha mbele ya majirani, na mwisho nikawa nakana hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza. Na alipokuja kuwa huru kweli, watu wa Kasongo wakanisifu kuwa ni mwanamke mwenye huruma, nami niliinamisha macho kama wafanyavyo wenye huruma. Sasa banda limeungua pamoja na nusu ya mji, shemeji yangu amekufa, na magoti yananiuma ninaposujudu. Sioni tena faida ya uongo ule.

Mume wangu alikufa Kabambare kwa ndui, akirudi kutoka Ujiji. Mirathi ilipogawanywa nilipata kiwanja kando ya njia ya Kabambare, msumeno mrefu wa watu wawili uliotoka pwani, na mtu aliyejua kuutumia. Mtu huyo alitajwa baada ya msumeno. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu wakati ule sikuona ajabu.

Alikuwa mtu mzima, ana mvi kunishinda, mzaliwa wa ukingo wa Lualaba karibu na Nyangwe. Marehemu alimweka kwa seremala wa pwani akajifunza kupasua, kuranda na kuchonga. Tulimwita fundi. Alikuwa akisimama juu ya gogo, na chini shimoni alikuwapo kibarua mmoja aliyetoka Lusangi, na msumeno ukipanda na kushuka kati yao tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

Miaka ile kila aliyepata pembe mbili tatu za ndovu alitaka nyumba yenye dari, na dari inataka mbao. Lakini zetu zililala uani. Mvua ikizinyeshea, jua likizipinda, mchwa wakala zilizobaki, na mteja akija anaona rundo na anataka kulinunua kama kuni. Nikaamua kujenga banda la kuzihifadhi na kuzionyesha. Baba yangu alinisomesha chuoni kama mtoto wa kiume, kwa kuwa hakujaliwa wa kiume, na nilikuwa nimesoma fikihi mpaka hukumu za biashara. Hilo lilinifanya niamini kwamba naijua biashara. Kitabuni, mbao hazipindi.

Sisi tuliotokana na watu wa pwani tuna desturi ya kuanza nyumba kwa mlango. Miimo na kizingiti husimamishwa kwanza, ukuta unafuata. Na mlango ndio unaomtambulisha mwenye nyumba. Kwa hiyo nilimwagiza fundi achonge mlango wa mvule wa mbao mbili, wenye mfaa wa kuziba mwanya katikati, na maua na minyororo pembeni. Aliniuliza kama ni mlango wa banda kweli. Nikamjibu kwamba mwungwana hauzi kitu kibandani kama muuza samaki. Akachonga kwa miezi minne. Miezi hiyo minne mbao ziliendelea kuoza uani, maana aliyekuwa na kazi ya kuziokoa alikuwa akichonga maua.

Ulipokamilika tuliusimamisha kiwanjani. Hapakuwa na ukuta kushoto wala kulia. Nilikuwa nimeketi juu ya jiwe upande wa pili, naonekana na kila mpita njia, shemeji yangu alipofika akasimama mbele ya mlango akabisha.

"Hodi, shemeji."

"Karibu."

"Nipite, au nizunguke?"

"Mwenye adabu hupita mlangoni."

Akapita, akaufunga nyuma yake taratibu. Kisha akamgeukia fundi. "Na huyu mbuzi aliyepita pembeni tumfanyeje? Hakubisha."

Fundi alisema mbuzi hakusoma chuoni. Hata mimi nilicheka.

Tukajenga kuta za miti na udongo, tukaezeka kwa nyasi, tukaingiza mbao ndani. Banda likawa zuri na likawa na giza kama tumbo la ng'ombe. Mbao zikatoka jasho, zikaota ukungu. Wateja walifika mpaka mlangoni na hapo wakakwama, wakipapasa maua. Wa kwanza kuutaka alikuwa mfanyabiashara wa Nyangwe aliyekuwa akijenga nyumba mpya.

"Mlango huu unauzwaje?"

"Hauuzwi. Mbao ziko ndani."

"Ndani sioni kitu."

"Fundi atakuletea taa."

"Bibi," akasema, "mtu anayenunua mbao kwa taa utamuuzia hata mchwa." Akaenda zake.

Siku chache baadaye fundi alinijia nikiwa nimesimama na shemeji mbele ya banda. Alikuwa na tezo mkononi, akitoka kuchonga.

"Bibi, mbao haipendi giza. Na mutu anataka kuona ubao mubichi iko wapi, mukavu iko wapi. Tuvunje ukuta wa mbele."

"Na mlango?"

"Mulango utabaki. Umezoea kusimama peke yake."

Shemeji alicheka. Nilikuwa nimechoka, jua kali, mwaka mzima umepita na sijauza ubao wa maana.

"Unauchukia mlango wangu?"

"Nimeuchonga mimi, siwezi kuuchukia. Lakini hapa si pahali pake."

Ndipo nikasema, kwa sauti, ili shemeji azidi kucheka: "Basi siku mtu atakapoununua, ondoka nao. Siku hiyo na wewe ni huru."

Shemeji akacheka kweli. Fundi aliweka tezo chini.

"Bibi amesema?"

"Nimesema."

"Bwana amesikia?"

"Nimesikia," shemeji akajibu, akijifuta machozi.

Kwangu ulikuwa mzaha, kwa sababu nilikwisha kuapa kwamba mlango hauuzwi. Lakini yapo maneno ambayo sheria haiulizi kama uliyasema ukicheka: ya ndoa, ya talaka, na ya kumwacha mtumwa huru. Hilo nililihifadhi nikiwa msichana mdogo, nikalisoma mbele ya baba na rafiki zake, nikapewa tende.

Hata hivyo shauri lake nililikubali, ukuta ukavunjwa. Fundi alizisimamisha mbao juu ya mawe, akamwaga majivu chini kuzuia mchwa, akaweka vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite. Mbichi zilikaa kushoto, kavu kulia, fupi mbele, ndefu nyuma. Mteja alitembea katikati, akagonga kwa kidole, akasikia mwenyewe ipi imekauka. Msafara ukitoka Kabambare ulituona kabla ya kuona nyumba yoyote ya mjini. Tukauza. Mlango ukabaki mbele ya banda lisilo na ukuta, umefungwa, na watu wakiupita kandokando kama yule mbuzi.

Kila Ijumaa kabla ya sala fundi aliupaka mafuta ya mawese. Hakuagizwa. Alipaka maua, minyororo, mfaa, akafuta kwa kitambaa mpaka ukang'aa. Nilichelewa kuelewa. Alikuwa akiitunza bidhaa.

Mtu wa Nyangwe akarudi, akautaka tena, nikakataa. Siku ile ile fundi alikwenda kwa mwalimu wa msikiti, akamweleza kwamba kuna mnunuzi na kuna ahadi, na mimi nazuia cha kwanza ili nisitimize cha pili. Mwalimu akaja, akaketi kwenye ukingo wa shimo la kupasulia.

"Mama, ulisema?"

"Sikusema."

Akamgeukia shemeji, ambaye siku zile alikuwa akingoja mbao zangu kwa dari yake. Shemeji alizitazama mbao.

"Siku hiyo kulikuwa na upepo," akasema.

Mwalimu akainuka, akajipangusa vumbi la msumeno. Fundi akarudi kazini. Alipanda juu ya gogo, akashika mpini wake, kazi ikaendelea.

Sababu yangu ya kukana haikuwa na elimu yoyote ndani yake. Bila yeye nilikuwa mjane mwenye msumeno. Banda lilikuwa langu, sifa zilikuwa zangu, na kila kitu kilichofanya banda lisimame kilikuwa mikononi mwa mtu ambaye kesho angeweza kwenda kwao.

Ikapita misimu minne ya mvua. Niligundua kwamba uongo ni kazi isiyo na Ijumaa. Kila mnunuzi wa mlango ilibidi nimpe sababu, na mlango kadiri ulivyopakwa mafuta ndivyo ulivyoongeza wanunuzi. Huyu nilimwambia ni kumbukumbu ya marehemu, ambaye hakuuona. Yule nilimwambia una ufa. Fundi alikuwa karibu, akasema kwa upole, "Hauna ufa, bwana," akaendelea kunoa meno ya msumeno. Nililala nimechoka, nikaamka nimechoka. Nikitoka kuswali ninauona pale, unang'aa, na nyuma yake mimi, mtu aliyesoma.

Natamani kuandika kwamba dhamiri ilinigusa. Nilichoka tu. Nilimwandikia yule mtu wa Nyangwe: kama bado unautaka, tuma watu. Hata hapo nilijiachia upenyo. Niliandika kwamba auweke kwanza nyumbani kwake, na usipomfaa aurudishe, na biashara itakuwa haijawa. Alijibu kwamba barua huchelewa njiani. Akiupokea, watu wa mtoni watanipigia ngoma.

Fundi aliung'oa mwenyewe, kigingi baada ya kigingi, akaufunga kwa mikeka. Nilimwambia unakwenda kujaribiwa tu. Akasema, "Ndiyo, Bibi," akawasaidia wapagazi kuubeba mpaka mwisho wa kiwanja, akarudi. Kwa siku tisa niliomba kwamba usiingie. Niliomba, katika kila sala, kwamba yule mtu awe amekosea vipimo vya nyumba yake.

Ngoma ilisikika asubuhi ya siku ya kumi, kutoka upande wa mto. Ni ile ngoma ya gogo lililochimbwa, isiyo na ngozi, ambayo wenyeji huzungumza nayo kijiji kwa kijiji. Nimesoma herufi za dini na za biashara, lakini ile ilikuwa kwangu ni kelele. Fundi alikuwa juu ya gogo. Akasimama, mpini mkononi.

"Inasema nini?" nikamuuliza.

Alielekeza sikio mtoni. Angeweza kuniambia lolote.

"Inaita bibi wa mbao wa Kasongo. Mulango iko inasimama kwa nyumba ya tajiri. Tajiri amepokea."

"Umesikia vizuri? Kuna upepo."

"Ngoma inarudia, Bibi. Inarudia ili mutu asiseme hakusikia."

Tukangoja, yeye juu ya gogo, mimi chini kwenye vumbi la mbao. Ngoma ikarudia. Safari hii hata mimi niliona kwamba ni maneno yale yale.

Fundi aliteremka pole pole, kwa sababu ya magoti yake. Alipangusa mpini wa msumeno kwa kile kitambaa chenye mafuta, akakikunja, akaondoka nacho. Kule shimoni kibarua wa Lusangi, ambaye hakuona kitu, aliusukuma msumeno juu mara moja, ukakwama.

"Vuta basi," akaita.