Ndara Ukutani

Harufu ya jiwe lililolowa maji baridi bado hunirudisha Kisauni, likizo ile ambayo mimi na kaka yangu Kazungu tulitoka nyumbani Mishomoroni kila asubuhi bila kujua tunakwenda wapi, na kila mara miguu ikatufikisha kwenye bustani ya umma yenye bwawa la kuogelea. Maji yake hayakuwa ya mfereji. Yalichimbuka chini kabisa, kwenye tundu tuliloliita jicho, yakiwa na baridi ya kuumiza meno. Aliyelifikia jicho alipanda na konzi ya mchanga mweupe. Asiyelifikia alichekwa mpaka jioni. Kazungu alikuwa bado hajalifikia.

Mlinzi wa bwawa, Bi Rukia, alikuwa na sheria moja: anayeingia majini aache ndara zake juu ya ukuta. Kila Ijumaa kabla ya adhuhuri aliyatoa maji yote ili asugue sakafu. Kwa kuwa mkuyu ulitia kivuli kizito na aliye chini haonekani, alitazama ukuta kwanza. Ndara zikiwapo, mtu yumo. Zisipokuwapo, alikwenda nyuma ya kibanda chake kuzungusha gurudumu la chuma, na bomba pana lililokuwa jirani na jicho likaanza kuvuta. Wavu wake ulikuwa umeliwa na kutu zamani.

Ijumaa moja ukanda wa ndara ya Kazungu ulikatika njiani, akazitupa zote mbili mtaroni. Tulipoingia, Bi Rukia alikuwa akifagia upande wa pili.

"Kazungu leo kaja na miguu ya bata," watoto wakamcheka. "Lakini bata hupiga mbizi, wewe huwezi."

Tulipoitwa tutoke, nilivaa ndara zangu, wenzetu wakachukua zao wakaenda. Kazungu alivuta pumzi, akapiga mbizi.

Bi Rukia akaja, akatazama ukuta mtupu, akapita nyuma ya kibanda. Nikasikia chuma kikilia. Niliita, lakini kelele za gurudumu ziliimeza sauti yangu. Majani yaliyoelea yakaanza kuzunguka, taratibu, yakielekea upande mmoja. Nikavua ndara nikairusha juu ya kibanda, kisha ya pili.

Chuma kikanyamaza.

"Nani huyo anayenirushia viatu?"

"Kazungu yumo ndani, bibi."

Gurudumu likalia tena, safari hii likirudi. Bi Rukia alitokea mbio, leso ikimwanguka. Majani yalipunguza mwendo, yakasimama. Hakuna kilichopanda. Bi Rukia alikuwa ameshaingia na nguo zake mpaka kiunoni Kazungu alipoibuka akikohoa, bega limechunika, ngumi ameifumba. Akaifumbua: mchanga mweupe.

"Wallahi ningekuua, mwanangu," alisema Bi Rukia, bila hasira. Alitoka majini, akavua ndara zake zilizolowa, akaziweka ukutani. "Hizi zako. Usije tena kwangu bila kitu cha kuniambia kwamba umo."

Shule niliiacha mapema, na tangu hapo sijatulia mahali. Kazungu ana nyumba yake Port Reitz na hunishangaa. Mimi bado huondoka asubuhi bila mpango, nikitaka tu kujua barabara inaishia wapi. Leo imeishia Likoni, kwenye chumba cha mama nisiyemjua. Utotoni kulikuwa na mtu aliyetazama ukuta kabla hajafungua maji. Sasa nalala kati ya watu wasiojua hata jina langu.

"Ingiza ndara zako, mwanangu," mwenye nyumba amenionya. "Hapa huibwa."

Nimemshukuru, nikafunga mlango. Ndara nimeziacha nje.