Radhi ya Ukumbini

Ofisi yake ilikuwa mwisho wa korido ya chini, ubavuni mwa stoo ya viti vya halmashauri. Waliokuja kuazima viti vya harusi na misiba walibisha kwake kwanza, kwa hiyo karani wa malalamiko alizoea kuuliza, "Umefuata viti au umefuata haki?" Na kabla hajajibiwa huongeza, "Viti vipo." Wenzake walicheka. Naye alicheka nao, miaka mingi.

Kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya madiwani: aliyetukana mtu, aliyemsukuma mtu, aliyeingia kikaoni amelewa. Aliyasikiliza, akayaandika kwa maneno yasiyo na hasira, akayapeleka kamati ya maadili. Kamati yenyewe ilikuwa ya madiwani. Kesi ya nyani, hakimu ngedere, watu walisema.

Alikuwa na namna yake. Mtu akija amevimba kwa hasira, alimpa kiti, kisha akajifanya anatafuta kalamu mpaka pumzi ya yule mtu ishuke. "Vuta subira," alimwambia. "Maneno ya moto humuunguza mwenyewe." Wengi wakishapoa waliondoka bila kuandikisha chochote, na wakubwa wakamsifu kwamba malalamiko yamepungua.

Kisha akaja mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, akishonea kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga. Mbele ya kibaraza hicho halmashauri ilichimba mtaro ikauacha wazi, wateja wakawa wanaruka kama mbuzi. Kwenye mkutano wa hadhara alisimama akamuuliza diwani mtaro utafunikwa lini. Diwani akakisogeza kipaza sauti mdomoni. "Mama huyu alimshinda mumewe mpaka mwanamume wa watu akahama. Mimi nitamweza wapi?" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kesho yake vijana wa kijiweni walishampa jina: Mshindamume.

"Umefuata viti?" karani alimtania kwa mazoea.

"Dada, usinifanyie hivyo."

Karani akaacha kutafuta kalamu. "Haya. Unataka afanywe nini?"

"Alisema kwa kipaza sauti, uwanjani. Afute kwa kipaza sauti, uwanjani. Sitaki kingine."

"Kuna kanuni, mdogo wangu."

"Mimi sijaja kwa kanuni. Nimekuja kwa dada yangu."

Kanuni aliijua kama kiganja chake. Diwani akipatikana na kosa huomba radhi ukumbini, mbele ya madiwani wenzake, kwa kuwa anayehesabiwa kuvunjiwa heshima ni baraza la madiwani. Aliyetukanwa ni shahidi tu. Lakini aliitazama mikono ya mdogo wake, vidole vilivyotobolewa na sindano tangu usichana, maneno yakamponyoka.

"Ataomba uwanjani. Niachie mimi."

Alimfuata mwenyekiti wa kamati. "Mheshimiwa, huyu mlalamikaji ni wa tumbo moja na mimi. Naomba radhi iombwe uwanjani."

"Si ungesema mapema, dada," mwenyekiti akasema kwa upole. "Tutaliangalia."

Katika jengo lile, tutaliangalia ilikuwa sanda ya kuzikia ombi. Hilo nalo alilijua. Hakumwambia mdogo wake.

Kamati ikamwona diwani ana kosa. Siku ya radhi mdogo wake alikuja amevaa gauni jipya, alilojishonea mwenyewe, la kwendea uwanjani. Karani akamtolea kiti stoo, akakiweka nyuma ya ukumbi, wanapokaa wageni, akasimama karibu naye.

"Uwanjani tunakwenda saa ngapi?" mdogo wake akanong'ona.

"Vuta subira."

Diwani akainuka, akafunga kifungo cha koti. "Naomba radhi kwa baraza hili tukufu, kwa maneno yaliyoweza kushusha hadhi yake." Wenzake wakagonga meza. Mwenyekiti akasema mheshimiwa ameonyesha ukomavu, na suala limefungwa.

Mdogo wake akasimama. "Na mimi je?"

Hakupaza sauti, lakini ukumbi ulisikia. Mwenyekiti hakumtazama yeye, alimtazama karani. Mgeni hasemi ukumbini, na aliyemleta ndiye wa kumnyamazisha. Karani akaweka mkono kwenye bega la mdogo wake, akakandamiza.

"Keti, mdogo wangu."

Bega likashuka bila ubishi. Afadhali lingekataa.

Kwenye korido, wahudumu wakirudisha viti stoo, mdogo wake aliuliza, "Ulijua?"

"Nilidhani safari hii..."

"Sikukuuliza ulidhani nini."

"Nilijua."

"Ungeniambia, ningebaki na hasira yangu. Ilikuwa inanitosha." Akalinyoosha gauni lake. "Asante, karani."

Hakuwahi kumwita hivyo. Hata walipogombana, hata kwenye msiba wa mama yao walipogawana khanga za marehemu kwa maneno makali, alikuwa dada.

Miezi ikapita. Karani akatafuta sababu, akaipata: gauni lililombana. Akaupandisha mguu, akauruka mtaro, ambao sasa ulikuwa umeota majani. Mdogo wake alimpokea vizuri, kama anavyompokea kila mteja.

"Inua mikono, karani."

Akainua. Futi ikamzunguka kifua, baridi. Kijana mmoja akapita ng'ambo ya mtaro. "Mshindamume, suruali yangu vipi?"

Hakusema kwa dharau. Lilikuwa jina tu sasa, kama jina lingine lolote.

"Bado. Pitia jioni," mdogo wake akamjibu, pini mdomoni.

Karani, mikono ikiwa bado juu, alitafuta neno la kumwambia yule kijana, au la kumwambia mdogo wake. Yaliyomjia yalikuwa yale yale ya ofisini.

"Shusha mikono," mdogo wake akasema. "Nimeshamaliza."