Kinamasi cha Marehemu Baba

Baba aliniachia shamba la mahindi na ulezi, na katikati yake kinamasi kilichojaa matete. Hakukilima hata siku moja, maana kila mwaka mvua zikikolea, korongo wenye taji la manyoya ya dhahabu hutaga humo. Nami sijakitia jembe.

Mwaka jana kamati ya ardhi ya kijiji ilipopita kupima mashamba ili tupewe hati, mwenyekiti wake alisimama penye matete, akaandika “pori” kwenye fomu, kisha akatangaza mbele ya majirani kwamba mvivu asiyelima atanyang'anywa, apewe mwenye nguvu. Mimi, mvivu! Mimi ninayepiga matuta tangu alfajiri mpaka mgongo ugome!

Wiki iliyopita wakaja wageni kutoka Sumbawanga mjini, kutuhamasisha tuwaachie ndege na wanyama nafasi kwenye mashamba yetu. Walipoomba kuonyeshwa mfano, mwenyekiti huyohuyo, bila haya, akawaleta moja kwa moja kwenye kinamasi changu. Korongo wawili walikuwa na kifaranga chao. Wageni wakapiga picha, na mwenyekiti akajiweka katikati, kifua mbele, kana kwamba yale mayai aliyaatamia yeye.

Nilisubiri wageni wapande gari, nikamuuliza, “Mwenyekiti, sasa lile neno ‘pori’ utalifuta?”

Hata hakunitazama. “Nilifute niandike nini, mama? Fomu ina mahali pa mahindi na mahali pa ulezi. Korongo hawana mahali. Wewe lima tu.”