Laigwanani Katika Kesi Yake Mwenyewe

Supeet alipopata fununu kwamba wenzake wanataka kumfanya laigwanani, yaani kiongozi wa rika, alitoroka. Wala hakuwa mwoga kuliko wengine. Huko kwao, upande wa Endulen, anayejua uzito wa cheo hicho hukimbia, na anayekitaka sana hutazamwa kwa mashaka. Walimkuta Karatu siku ya tisa, kwenye kibanda cha chipsi karibu na stendi, mdomo umejaa. Wakamkamata, wakampa rungu jeusi, ambalo ukishalipokea hakuna wa kumrudishia. Chipsi zilizobaki walizimaliza wao.

Aliongoza miaka sita bila kusifiwa, jambo ambalo kwa kiongozi wa huko ndiyo sifa yenyewe.

Kisha mvua zikagoma. Kikao alichokiongoza kikafunga alalili, malisho ya akiba yaliyozungushiwa miiba: asiingie hata ndama mpaka mwezi uandame. Baada ya siku nne mke wake, Nailantei, akamwambia kwamba ng'ombe watatu hawasimami mpaka wainuliwe. Supeet akamjibu kuwa sheria ni sheria. Kesho yake alfajiri akawaswaga mwenyewe hadi alalili, akavuta matawi ya miiba pembeni, akawaingiza. Alijiambia ni asubuhi moja tu. Wenye vyeo wengi hujiambia hivyo. Hutofautiana idadi ya asubuhi.

Wakati wa kutoka alirudisha matawi kwa haraka, vibaya. Saa sita ng'ombe wa Lembris, mtu wa rika lake, wakaona upenyo, wakaingia wote.

Kesi ilikuwa fupi. Lembris alieleza kwamba alikuta miiba iko wazi na ng'ombe wameshaingia. Wakamcheka, wakamuuliza kama ng'ombe wake wameanza kuwa na mikono. Hakubishana. Alimgeukia Supeet.

"Mimi sikufungua. Lakini wewe ndiye laigwanani wetu. Ukisema nimekosa, nimekosa."

Supeet akasema amekosa. Faini ikawa dume, na Lembris alikuwa nalo moja. Lilichinjwa siku hiyohiyo, kama desturi, na laigwanani akapewa fungu la heshima. Akala. Nyama ilikuwa laini, na hilo ndilo lililomsumbua kuliko yote.

Angeweza kuishi na kosa lake. Watu huishi na makubwa zaidi. Alichoshindwa ni salamu za Lembris, ambaye kila asubuhi alisimama njiani na kumwita kiongozi, bila kinyongo, huku ng'ombe wake wakipita bila dume. Supeet alianza kuzunguka kwa njia ya korongo, mwendo wa saa nzima zaidi. Siku ya kumi na moja akaitisha kikao.

Alisema yote: alfajiri, miiba, ng'ombe watatu, hata lile fungu la nyama. Kisha akaliweka rungu chini na kuomba wamtafute mwingine.

Hakuna aliyeliokota. Mzee Sakaya, wa rika la juu lililowalea, alijifuta ugoro puani kwanza.

"Chukua rungu lako. Hapa kuna kesi, na kesi haina wa kuiongoza."

"Mzee, mshtakiwa ni mimi."

"Tumesikia. Ongoza."

Ikabidi aongoze. Aliuliza nani ana neno juu ya Supeet, na wenye neno walikuwa wengi. Aliwapa nafasi mmoja mmoja, akawanyamazisha waliodakia, hata aliyemtetea. Mwisho akatamka faini: dume kwa Lembris.

"Hilo ni langu, limerudi," Lembris akasema, kwa upole uleule. "Faini iko wapi?"

Supeet akaongeza mtamba. Kikao kikakubali, na yeye akasimama, akitamani kwenda nyumbani ajifiche.

"Kaa," Sakaya akamwambia. "Kuna wawili wanagombea zamu ya kisima."

Akakaa. Aliyeanza kueleza alimwita kiongozi, na Supeet, akitazama chini, akamwambia aendelee.