Parokia Tuliyoifyatulia Matofali

Ukiuliza leo parokia yetu ilianzaje, utasimuliwa habari za askofu, za mapadre, na za siku ya kufungua kanisa, ngoma zikapigwa na ng'ombe wakachinjwa. Sina ugomvi na habari hizo. Nilikuwepo, na nyama nilikula. Lakini kwangu mimi parokia ile ilianza pale mama yangu alipozika watoto wawili katika juma moja, na mtu akianza kunisifia historia hiyo natamani kumwambia afunge mdomo.

Tulikuwa tumehamishwa. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, wakati watu walipotolewa vilimani na kushushwa kwenye vijiji vya barabarani, kati ya Kasulu na Kibondo, nyumba zikapangwa kwa mistari. Kule juu tuliacha migomba yetu, na tuliacha kigango chetu, kijikanisa cha nyasi kilichosimamiwa na katekista mmoja tangu kabla sijazaliwa. Padre alikuwa akifika mara chache kwa mwaka kutoka misheni ya mbali. Akija anaungamisha, anabatiza, anafungisha ndoa, kisha anaondoka kabla mvua haijaharibu njia. Siku nyingine zote tulikuwa na katekista na rozari zetu.

Huko barabarani hatukukuta kitu. Mihogo tuliyopanda ilikuwa bado vijiti, vibanda vilivuja, na watu wa vilima mbalimbali walitazamana kwa mashaka. Ndipo surua ikaingia. Wadogo zangu wawili waliugua pamoja. Katekista aliitwa, akawamwagia maji kichwani na kuwapa majina ya watakatifu, kwa sababu mtu akiwa katika hatari ya kufa, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Hilo tulifundishwa sote, wakubwa kwa watoto. Walizikwa katika kipande cha ardhi kilichotengwa kwa Wakristo, karibu na mahali tulipokuwa tumesimamisha kigango kipya.

Mama hakuwa amebatizwa. Alikuwa mke wa pili. Baba alifunga ndoa kanisani na mke wake wa kwanza, ambaye sisi tulimwita mama mkubwa, na miaka ilipopita bila mtoto, wazee wa ukoo walimtafutia mke mwingine huko Heru Juu. Huyo ndiye mama. Alianza mafundisho ya ubatizo akiwa msichana, na baada ya kuolewa aliyarudia mara kwa mara, na kila akifika mwisho aliondolewa kwenye safu. Sheria ilikuwa moja na kila mtu aliijua: mke wa pili habatizwi. Yeye mwenyewe alikuwa ameizoea, kama mtu anavyozoea mguu mbovu, mpaka siku ile ya makaburi.

"Wanangu wamekwenda kwa Mungu," alimwambia katekista, na udongo bado uko mikononi mwake. Walisema kwa Kiha, mimi ndiye ninayeyatia katika Kiswahili. "Mimi nikifa mtanizika wapi? Kule vichakani nyuma ya mashamba, pamoja na wasio na dini? Nitawaona wapi hawa?"

Katekista alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio ulioniudhi maisha yangu yote.

"Yewe mama, subiri," alimwambia. "Tukipata padre wetu wenyewe, wa kukaa hapa hapa, atalitazama jambo lako. Hawa wa misheni wanapita tu, hawatujui."

Kuanzia hapo mama hakuwa na neno jingine. Tukipata padre wetu. Alipika akilisema, alipalilia akilisema. Nilikuwa msichana wa miaka kama tisa, na nilifikiri huyo padre atakapokuja atawafufua wadogo zangu.

Habari ikaja kwamba askofu anataka kuanzisha parokia mpya katika vijiji vya barabarani, na atamweka padre pale patakapokuwa na kanisa la matofali ya kuchoma na nyumba ya kukaa. Kulikuwa na kijiji kingine mbele yetu, kuelekea Murungu, nacho kilikuwa kikiitamani parokia hiyo. Basi tukaingia kazini tukiwa na njaa. Fundi mmoja Mrundi, aliyekimbia mauaji ya kwao, alitufundisha kupanga tanuru. Wanaume walichimba na kufyatua, wanawake walibeba maji kutoka mtoni, na watoto tulifunika matofali mabichi kwa nyasi yasipasuke kwa jua.

Mama alibeba maji kuliko wanawake wote. Sisemi hivyo kwa kuwa ni mama yangu. Wenzake walimtania kwamba atachota mto mpaka samaki wabaki wamekaa mchangani. Kiangazi cha kwanza mvua ilitupiga kabla ya wakati wake, na tofali zote zilizokuwa hazijachomwa zikageuka tope. Wanaume walikaa chini wakalitazama, wengine wakaondoka kwenda kutafuta pombe ya ndizi. Mama alishuka mtoni na ndoo yake, mvua ikimnyeshea, kana kwamba kuna kazi ya kufanya. Mama mkubwa ndiye aliyemfuata akamshika mkono na kumrudisha nyumbani.

Niseme kuhusu mama mkubwa, maana watu hupenda kusikia kwamba wake wenza walikuwa wakitiliana sumu. Hawakuwa hivyo. Waligawana moto na chumvi, na mama mkubwa alitubeba mgongoni sisi ambao hakutuzaa. Lakini Jumapili aliketi mbele kanisani na mama aliketi nyuma, karibu na mlango, na wakirudi nyumbani hawakuongea mpaka chakula kiive.

Kiangazi cha pili tulichoma tanuru na likakubali. Kanisa likasimama, bati likaletwa na lori kutoka Kasulu mjini, na parokia ikawa yetu. Siku ya kutangazwa tulisomewa pia mipaka: upande huu wa mto ni parokia yetu, ng'ambo ya mto, kwenda Heru Juu, ni parokia nyingine. Tulipiga vigelegele hata kwa hiyo mipaka. Baada ya kutupwa barabarani kama mizigo, tulifurahi kuambiwa tunaanzia wapi na kuishia wapi.

Padre alikuja na pikipiki. Alikuwa kijana, Mwafrika mwenzetu lakini si Muha, mwenye Kiswahili kizuri kilichotupita kimo. Mama alikuwa na mimba kubwa wakati huo. Hakusubiri hata padre ashushe mizigo yote. Aliosha miguu, akavaa kitenge alichoazima kwa mama mkubwa, akanishika mkono tukaenda.

Padre alimsikiliza vizuri. Hilo nalikiri. Mama alipomaliza, padre akasema, "Mama, mlango uko wazi. Lakini huwezi kuingia ukiwa mke wa mume wa mtu. Mwache, ukae peke yako, nami nitakubatiza Pasaka."

"Nikimwacha, watoto?"

"Watoto ni wako."

Hakujua. Kwetu mwanamke akimwacha mume, mahari hurudishwa na watoto hubaki kwa ukoo uliolipa. Mama alilijua hilo tangu tumboni mwa mama yake. Alimtazama padre, akanitazama mimi, akainuka bila kuaga. Njiani alikuwa akihema kama mtu anayepanda kilima, na njia ile ni tambarare. Nilimchukia padre yule siku hiyo. Nilimchukia na katekista. Tulikuwa tumempata padre wetu, na kitu pekee alichomletea mama ni kumtaka achague kati ya watoto waliokufa na sisi tuliokuwa hai.

Alituchagua sisi. Hakusema, lakini alirudi shambani, na wiki zikaenda.

Uchungu ulimshika asubuhi, na hadi jua la utosi mtoto alikuwa hajatoka. Mkunga alijaribu kila alichokijua, akaanza kutazama chini. Baba alikimbia kwa padre. Padre alikuwa ameondoka na pikipiki kuzungukia vigango vyake upande wa Manyovu, na katekista alikuwa naye. Nyumba tuliyomjengea ili awe karibu ilikuwa imefungwa kwa kufuli.

Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika maji ya moto. Mama alikuwa amebadilika rangi. Alimwita mama mkubwa kwa jina lake la ubatizo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nibatize," alimwambia. "Nakufa. Wewe unaruhusiwa."

Mama mkubwa alichukua kibuyu cha maji. Maji mengine yalimwagika kwenye mkeka. Nilifikiri atamwaga yaliyobaki kichwani na kusema maneno, kama katekista alivyofanya kwa wadogo zangu. Lakini alisimama. Alikuwa amefundishwa kwamba mtu mzima huulizwa kwanza kama anaacha dhambi, naye aliuliza.

"Unamwacha mume wangu?"

Mkunga aliacha alichokuwa akifanya akainua kichwa. Mama alifumba macho.

"Ego," alisema, yaani ndiyo. "Namwacha."

Hapo maji yakamwagwa, na maneno yakasemwa. Mtoto alitoka kabla jua halijatua, mvulana, akalia. Na mama hakufa.

Padre aliporudi alifurahi kwelikweli. Alisema ubatizo ni halali, na ahadi aliyoitoa mama mbele ya mashahidi ni halali vilevile. Mama alifikiri atapewa kibanda chake hapo hapo kijijini, aishi peke yake na kutuona kila siku, na padre naye alifikiri hivyo. Lakini viwanja na mashamba yalitolewa kwa wenye kaya, nao walikuwa wanaume. Na baba, aliyekuwa ameachwa mbele ya mkunga, mke wake wa kwanza akiwa ndiye mwulizaji, alikuwa amefura kwa aibu.

"Kama si mke wangu, alime shamba la nani?" alisema. "Aende kwa kaka zake. Warudishe mahari."

Wajomba walirudisha. Walikuja na mbuzi mbele na nyuso zilizofungwa, wakamchukua dada yao na kile kitoto kichanga, ambacho kiliachiwa mama mpaka kiachishwe ziwa. Sisi wengine tulibaki. Nilimfuata mpaka mtoni. Aliniambia nirudi, sikurudi, mjomba mmoja akanitishia fimbo. Nililia mpaka nikatapika. Mtoto alipoanza kutembea walimleta, wakamweka uani kwa mama mkubwa, na yeye alikuwa akimwita kila mwanamke mama.

Mama alikuwa akija siku za sikukuu kubwa. Alitembea tangu alfajiri kutoka Heru Juu ili asali Misa katika kanisa alilolijengea, na sasa aliketi mbele, akapokea komunyo. Baada ya Misa alikwenda makaburini kung'oa majani. Kisha alikuja kutusalimu, akiwa amesimama nje ya ua, maana kuingia kungezua maneno. Nilimletea maji akanywa amesimama. Kila mara alirudia jambo moja: akifa, azikwe pale, katikati ya wanawe. Alimwambia padre, alimwambia katekista, alituambia sisi. Sote tuliitikia. Ndicho alichokilipia, nani angemnyima?

Miaka ya sabini ilikuwa inaishia alipougua tumbo huko kwao. Habari zilitufikia akiwa ameshafariki. Hata baba alilainika. Alichimba kaburi kwa mikono yake, pembeni ya yale madogo mawili, bila kutumwa na mtu. Padre alikubali. Vijana wakatengeneza machela, na mama mkubwa na mimi tukaenda nao kumchukua.

Wajomba walitupokea kwa heshima. Walitupa viti, walitupa togwa. Kisha mkubwa wao akasema, "Mmekuja kuzika, karibuni. Kaburi liko tayari hapa kanisani kwetu."

Mama mkubwa alieleza. Alieleza watoto, alieleza neno la marehemu, alieleza kwamba padre ameafiki. Alipiga magoti, mwanamke wa umri ule, akasema, "Nipeni mwenzangu."

"Mwenzako alikuwa mke wa nyumba yenu," mjomba alijibu, bila ukali. "Mbuzi mlipokea. Maiti ni ya waliorudisha mahari. Nikiitoa, ukoo utasema nimemtupa dada yangu mara mbili." Katekista wa ng'ambo ile aliongeza kwamba marehemu alikuwa muumini wa parokia yao, na kwamba padre wa kwetu hana sauti ng'ambo ya mto.

Padre alikuwa amewaza dhambi, katekista maji, mama wanawe. Sote tulikulia katika mila ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba mbuzi wakirudi, mwili nao umekwenda.

Tulimzika huko. Vijana walirudi na machela tupu begani, na walikuwa wakituacha nyuma kwa makusudi, kwa aibu. Mto ulipoonekana mama mkubwa alikaa chini njiani.

"Mimi ndiye niliyemwuliza," alisema. "Alikuwa anakufa. Ningemwaga maji tu, nikanyamaza. Nani angejua?"

"Kwa nini ulimwuliza?"

"Nilitaka kufanya inavyotakiwa. Na nilitaka kusikia akisema." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Sijui ni lipi lilitangulia."

Alikuwa amenilea. Alikuwa amembeba mdogo wangu mgongoni tangu alipoletwa. Nilijua anangoja nimwambie kwamba si kosa lake, na neno lenyewe lilikuwa jepesi, lilikuwa mdomoni. Sikulisema. Nilimshika mkono tukavuka mto, na nyumbani tulimkuta baba makaburini akilifukia lile shimo.